Imondo 26

Mama alipiga simu Jumanne usiku, saa tatu hivi, akaniambia kamati imeshakaa na kila mtu amepewa kazi yake. Baba mdogo ni tenti na viti. Senge, dada ya marehemu baba, ni wali na kabeji. Wamama wa chama ni chapati. "Na wewe utasimamia kuku," akasema. Halafu, kabla sijajibu: "Watu ni kama mia moja hamsini, lakini si unawajua watu wa huku."

Sherehe ilikuwa ya mdogo wangu wa kike, aliyefuzu Desemba. Mimi nilitoka chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo ikiwa na shida zake na mimi nikiwa na zangu, na tangu hapo nimekuwa nikiandikia watu vitu kwa malipo ya makala moja moja. Kwa hivyo kupewa kuku kwenye sherehe ya kufuzu ya mtu mwingine ilikuwa afueni, nikisema ukweli. Anayekaa nyuma jikoni na moshi machoni haulizwi siku hizi anafanya nini.

Dada yangu alikuwa ameshaamua kuku apikwe vipi. Alitaka wa kunyambua: achemshwe mzima, mifupa itolewe, nyama ipasuliwe kwa vidole nyuzi nyuzi, ikaangwe na vitunguu na hoho, kisha ikunjwe ndani ya chapati. Hakuna mifupa kwenye sahani, hakuna mtu wa kulalamika kuwa mwenzake amepewa paja na yeye shingo. Mama alikubali kwa sababu yake: nyama ya kunyambua inaenda mbali. Wazee hawakuulizwa. Ni Kukhu peke yake, nyanya yetu mzaa baba, aliyekuwa ameketi hapo mlangoni akichambua mboga, aliyeuliza, "Na imondo?" Mama anasema hakuna aliyemjibu, mazungumzo yakaenda kwa sauti ya DJ.

Nikakaa na kalamu. Kuku kiasi gani kwa watu 150? Ukiiangalia ni hesabu ya mtoto wa darasa la tano. Nikampigia Mama, akasema thelathini. Nikampigia senge, akacheka, akasema kumi na tano wanatosha kama anayegawa ana akili. Nikamwomba Mama ampe Kukhu simu. Kukhu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wazee ni wangapi?"

Nilidhani hajasikia swali. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba amelijibu, ila kwa hesabu ya zamani kuliko yangu.

Kwetu upande wa Mumias, ingokho hakuwa nyama ya kupimwa. Alikuwa orodha ya viungo, na kila kiungo kilikuwa na mwenyewe. Imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye boma. Akija mgeni wa heshima, mkwe hasa, imondo inawekwa juu kabisa kwenye bakuli aione. Asipoiona anaweza kushukuru vizuri, akanawa mikono, akaenda zake, halafu maneno yafuate miezi mitatu baadaye kupitia kwa mtu mwingine. Mapaja yanawaendea wanaume wanaofuata kwa umri. Shingo, miguu na kichwa ni za watoto, wavulana wakitangulia. Sasa ukimuuliza mtu aliyelelewa hivyo kuku wangapi watatosha, lazima kwanza ajue wanaokuja ni akina nani. Kuku mmoja ana firigisi moja. Wazee watano wa rika moja ni kuku watano, hata kama wote watano wameshiba.

Na wanawake? Hawakuwa kwenye orodha. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti Kavirondo Kaskazini miaka ya 1930 na juzuu ya kwanza ya kitabu chake ikatoka 1949, aliandika kuhusu mwiko huu: kuku na mayai hayakuwa chakula cha mwanamke. Kila Mluhya amewahi kuisikia hii habari, mara nyingi kama mzaha wa kutuchekesha sisi na mapenzi yetu ya kuku. Kukhu haisimulii kama mzaha. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, akaolewa akiwa msichana katika boma ambalo mama mkwe wake alikufa bila kuonja kuku. Anasema alipika kuku miaka mingi kabla ya kumla. Nikamuuliza alijuaje kama chumvi imetosha. "Kwa harufu," akasema, kama mtu anayeulizwa anajuaje kama kumekucha. Sababu aliyopewa ni kwamba mwanamke akila kuku atakuwa na tabia za kuku, leo boma hili, kesho lile, anachakura kila mahali.

Kinachonishangaza ni kwamba kuku mwenyewe si wa hapa. Mifupa ya zamani zaidi inayokubaliwa na watafiti wengi leo kuwa ya kuku wa kufugwa imetoka Ban Non Wat, Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Kwenye miji ya Waswahili Pwani mifupa ya kuku inapatikana katika tabaka za kabla ya mwaka 1000. Ndege aliyevuka bahari nzima kuja kwetu, akapata boma, akapewa cheo, halafu aliyezaliwa pale bomani akaambiwa huyu si wako.

Wamisheni walipofika magharibi mwa Kenya, kuanzia Wakwekeri wa Kaimosi mwaka 1902, kula kuku na mayai kukawa kama cheti. Msichana wa misheni aliyekula yai mbele ya watu alikuwa ametangaza jambo, na nyumbani walijua ametangaza nini. Kukhu anasema yeye hakutangaza chochote. Ilikuwa mkutano wa akina mama wa kanisa, miaka ya sitini, nyumbani kwa mke wa mwalimu. Akapewa bawa. Akalifunga kwenye jani la mgomba, akaenda nalo nyuma ya nyumba, akalila akiwa amesimama. Aliporudi aliwakuta wenzake watatu nao wanatoka huko huko nyuma.

Imondo lakini hajawahi. Hiyo hata misheni haikuigusa.

Basi hesabu ya Kukhu nikaielewa. Yangu nayo ilitoka wapi? Mimi niliandika juu ya karatasi "watu 150" nikachora mstari, nikaandika "gramu ngapi kwa kila mtu", na haikunijia hata mara moja kwamba hiyo ni njia ya ajabu ya kufikiria wageni. Mtu ana gramu zake, sawa na mwenzake, awe mzee wa ukoo au kijana wa kushika waya za spika. Nani alitufundisha hivyo?

Jibu moja liko pale pale Mumias, na ni la aibu kidogo kwa sababu nimekulia karibu nalo bila kulijua. Mwezi wa Desemba 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika mji ambao wageni waliuita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu aliyekuwa amefariki na kumwachia mwanawe Mumia ufalme. Misafara ya biashara ya watu wa Pwani ilikuwa imemtangulia. Waliupenda mji kwa jambo moja: chakula. Baada ya wiki nyingi katika nchi ya wafugaji, ambako nafaka hakuna, wapagazi waliingia Kavirondo wakakuta wimbi, mtama, maharagwe, kuku, kila kitu kingi na cha bei nafuu. Mumias ikawa kituo cha kujaza magunia njiani kwenda Uganda.

Na msafara haukuweza kulisha watu kwa hesabu ya Kukhu. Wapagazi mia mbili hawana imondo. Walipewa posho, na kipimo cha posho kilikuwa kibaba: kibakuli kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku moja, kama gramu 700 hivi. Vibaba vinne ni pishi moja. Mnyapara alipata zaidi, lakini wengine wote walikuwa kibaba kimoja, mkubwa kwa mdogo, aliyebeba ndovu na aliyebeba shanga. Kiongozi wa msafara angeweza kukaa Mombasa au Bagamoyo akapiga hesabu: watu kadhaa mara siku kadhaa, magunia kadhaa. Hii ndiyo hesabu niliyokuwa nikiifanya na kuku wangu, na wala sikuwa na msafara.

Lakini hata kibaba hakikuwa kitu kimoja. Kulikuwa na kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Cha tele kinajazwa mpaka nafaka inapanda kama kichuguu na kuanza kumwagika pembeni. Cha mfuto kinafutwa juu kwa kiganja, kikawa sawa na ukingo. Bakuli ni lile lile, jina ni lile lile, na tofauti yake ndiyo faida ya anayegawa. Nadhani ugomvi mwingi wa misafara ulikuwa juu ya kile kichuguu.

Baada ya misafara ikaja serikali, nayo ikaja ikihesabu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka huo huo ikawekwa sheria ya kodi ya kibanda. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Jamii nyingi za Kenya hazipendi kuhesabu watu wala ng'ombe kwa kuwaonyesha kidole, na Kukhu mpaka leo ukimuuliza ana wajukuu wangapi anasema "wapo". Watu wa mjini wanaiita ushirikina. Mimi naona kwamba kila mtu mgeni aliyekuja kuhesabu vichwa kwetu miaka ile aliondoka na kitu.

Cha mwisho alichoondoka nacho kilikuwa watu wenyewe. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Afrika Mashariki, jeshi la Waingereza lilihitaji wa kubeba mizigo, na mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa amekaa Nyanza kama mkuu wa jimbo kwa miaka kumi, akapewa kazi ya kukusanya wapagazi kwa wingi. Nyanza ya wakati huo ilikuwa pamoja na sisi. Kikosi kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa watu ukakigeuza: Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi zaidi waliuawa na magonjwa kuliko risasi. Chakula kilihusika. Watu waliozoea wimbi, mtama au ndizi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kuni chache na maji machache, na tumbo likafanya yaliyobaki. Kwenye karatasi kila mtu alikuwa na ratili zake za kutosha. Hesabu ilikuwa sawa kabisa.

Kwetu ukoo wetu una jina la mtu aliyekwenda huko. Linarudiwa kwa watoto, na ndilo jina langu la pili. Sikuwahi kumfikiria kama mtu aliyekuwa akisubiri foleni ya chakula.

Lile neno lilibaki. Nenda Uganda uombe ugali, utaletewa posho. Huku kwetu mashine ya kusaga ni posho mill hadi leo, ingawa hakuna anayegawiwa chochote pale. Unasaga mahindi yako na unalipa. Na kila aliyelala bweni Kenya anaijua posho kwa jina lingine: foleni, sahani ya bati, mpishi mwenye upawa mrefu asiyekuangalia usoni.

Kuku ndiye aliyechelewa kuingia kwenye hesabu hii, kwa sababu kuku wa kienyeji hapimiki. Jogoo wa Mama ana kilo zake, wa jirani ana zake, mmoja ana miezi sita na mwingine ana miaka mitatu na jina. Ili uweze kuandika "kuku mara watu" ilibidi kuku wafanane. Kazi hiyo ilifanywa Marekani. Mwaka 1948, huko Delaware, kulifanyika fainali ya shindano lililoitwa Kuku wa Kesho, likidhaminiwa na kampuni ya maduka ya vyakula ya A&P. Wafugaji kutoka majimbo mbalimbali walituma mayai, yakaanguliwa pamoja, vifaranga wakalishwa chakula kimoja, kisha wakachinjwa na kupimwa: kifua kinene, paja nene, mwili mpana. Mshindi alikuwa Charles Vantress wa California, aliyechanganya Cornish na New Hampshire. Tangu hapo wafugaji walikimbilia njia hiyo, na ndiyo iliyotuletea broila, ndege anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita, mia moja wanaolingana kama matofali. Wazee wetu wanasema hana ladha. Ni kweli. Lakini kwa mtu mwenye kalamu na watu 150, ni mkombozi.

Bei nayo ilikuwa imeniamulia. Jogoo wa kienyeji hakuna aliyeniuzia chini ya shilingi 1,200. Broila nilipatiwa kwa 550, amechinjwa au yuko hai, chaguo langu.

Nikanunua mmoja wa majaribio. Akiwa amenyonyolewa na kutolewa matumbo, mizani ya duka ilisoma kilo 1.3. Nikamchemsha na tangawizi na chumvi, dakika arobaini na tano, nikamwacha apoe kiasi cha kushikika, nikamnyambua. Hii sehemu ya kumnyambua akiwa na joto ni muhimu. Akipoa kabisa nyama inashikana na mfupa na vidole vinachoka bure. Nyama tupu, bila ngozi wala mfupa: gramu 510. Yaani ukinunua kuku mzima unapata chini kidogo ya theluthi mbili za tano za uzito wake. Hapana, ngoja niseme vizuri: kama asilimia 39. Iliyobaki ni mifupa, ngozi, na maji yaliyoenda kwenye supu. Watu wanaokadiria kwa kuangalia kuku mbichi mezani hushindwa hapo. Wanaona kilo 1.3, wanasahau kwamba zaidi ya nusu haitafika kwenye chapati. Ukinunua nyama tupu ya kifua hasara ni ndogo, kama robo au kupita kidogo, lakini bei yake ni nyingine na supu hupati.

Sasa watu. Katika 150 nilikadiria watoto 40, nikahesabu watoto wawili kuwa mtu mmoja. Zikawa sahani 130. Kama kuku angekuwa peke yake ningempa kila mtu gramu 120 au zaidi, lakini kulikuwa na wali, maharagwe na kabeji, kwa hivyo gramu 90, ambazo ni upawa mmoja mdogo uliojaa. Mara 130 ni kilo 11.7. Gawa kwa nusu kilo kwa kila kuku, unapata 23 na kitu. Sema 24. Nikaongeza wawili kwa ajili ya wale ambao Mama aliwaita "watu wa huku". Kuku 26.

Nilimtumia Mama hesabu yote kwenye WhatsApp, na picha ya karatasi. Akajibu kwa kidole gumba. Dada yangu akaandika, "Kumbe ile hesabu ya chuo haikupotea." Najua hakuwa na nia mbaya. Nilizima data nikaenda kutembea.

Siku yenyewe tulianza saa kumi na moja alfajiri. Ningeweza kupika usiku wa kuamkia, lakini hatuna friji ya kubeba kilo 13, na nyama ya kuku iliyopikwa, ikirundikwa kwenye sufuria kubwa, inakaa vuguvugu katikati kwa masaa mengi, na huko katikati ndiko bakteria hufanyia sherehe yao. Kanuni yangu ilikuwa kwamba kuku aliyenyambuliwa asikae nje zaidi ya masaa mawili bila kurudi motoni. Jirani yetu Mwislamu alikuja kutuchinjia, kama kawaida ya Mumias, mji ambao Uislamu uliingia na misafara ile ile. Akichinja yeye, kila mgeni anaweza kula. Bismillahi ishirini na sita.

Watoto wa shangazi mbalimbali, wasichana sita na wavulana wawili, walikaa kuzunguka masinia wakinyambua. Kila tumbo lililofunguliwa lilitoa firigisi, nami nikawa naziweka kwenye sufuria ndogo chini ya meza. Hadi saa nne zilikuwa 26. Sijawahi kuona imondo 26 mahali pamoja, na sidhani babu yangu aliwahi. Nilihisi kama mtu aliyechapisha noti usiku.

Wageni wakaanza kufika saa sita. Saa saba ikaingia matatu nzima ya kwaya. Saa nane tukawa tumemaliza sahani 200 za kukodi na wasichana wanaziosha na kuzirudisha mbio. Kilo 13 kwa watu zaidi ya 200 ni gramu 60 na kidogo, karibu theluthi chini ya mpango wangu. Nilisimama nyuma ya meza nikiona hesabu yangu yote ikienda na maji. Senge ndiye aliyekuwa na upawa. Aliangalia foleni, akaangalia sufuria, hakuniuliza kitu. Alikuwa akigawa kwa tele, kichuguu juu. Akaanza kugawa kwa mfuto, akigongagonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, na kila sahani akaiongezea kabeji kabla mtu hajatazama. Sauti yake ya kukaribisha wageni ikapanda zaidi. Hakuna aliyelalamika. Kwaya walisema chakula kilikuwa kizuri sana.

Kuku kumi na tano, alikuwa amesema, kama anayegawa ana akili.

Katikati ya hayo baba mdogo akaja jikoni. Amevaa koti, amenyoa. Akainua kifuniko cha sufuria kubwa, akaangalia zile nyuzi kwa muda, kama mtu anayemtafuta mtu anayemjua ndani ya umati. "Imondo ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimezikaanga na kitunguu.

"Wazee ni tisa," akasema. "Mimi nitapeleka zao." Akachukua tisa kwenye sahani. Halafu akachukua ya kumi kwa uma, akaninyooshea mbele ya wasichana wote waliokuwa wanaosha vyombo. "Na hii ni yako. Baba yako hayupo. Wewe ndiye mwenye boma."

Alisema kwa upole, na nadhani alikuwa ameipanga. Lakini nje kipaza sauti kilikuwa kinaita jina la dada yangu na shahada yake, daraja lake, mwaka wake, na mimi nilikuwa na unga kwenye suruali. Nikapokea ule uma. Sikuweza kuutia mdomoni. Kama angenipa paja ningekula. Kama angesema wote tunakula nyuzi, ningekula upawa wangu wa mfuto kama kila mtu na nisingehitaji kuwa mtu yeyote.

"Ahsante, baba," nikasema. Nikairudisha kwenye sufuria, zikawa 17, nikaibeba sufuria yote kuelekea upande wa tenti walikokaa akina mama. Nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi ya kusema kitu. Hakusema.

Kukhu alikuwa kwenye kiti cha mbele, leso mpya mabegani, sahani yake imeshaisha. Nikachuchumaa, nikamfungulia. Alitazama ndani. Akatazama upande wa tenti ya wazee. Akina mama wa karibu yake wakanyamaza, wale wa umri wake. Wale vijana waliendelea kupiga picha.

"Ni zangu zote?" akauliza.

"Chukua unayotaka, Kukhu."

Akachagua moja, ndogo. Hakuifunga kwenye kitu, hakuinuka. Akaitia mdomoni, akaanza kutafuna, akatafuna sana, maana meno yaliyobaki ni machache na yote yako upande mmoja. Tulimsubiri. Rafiki yake wa kanisa akanyoosha mkono akachukua yake, na mwingine, na mwingine. Mwishowe Kukhu akameza, akapangusa mdomo kwa pembe ya leso.

"Ni ngumu," akasema. Akanirudishia sufuria na sahani yake juu yake. "Niongezee ile ya kunyambua."

Nikarudi jikoni. Senge alikuwa ameinamisha sufuria kubwa, anakwangua pembeni. Nikamwambia ni ya Kukhu, na akaujaza upawa mpaka ukamwagika.